Watoto Sita, Mlezi Mmoja

Pana msemo katika miji yetu ya pwani ambao umesemwa sana mpaka ukadhaniwa kuwa ni sharia. Msemo wenyewe ni huu: mama hukaa kwa binti yake. Husemwa Mombasa na Lamu, husemwa Unguja na Pemba, na husemwa hata Maskati na London walikohamia watu wetu. Husemwa kwa upole, kama kwamba mabinti wanasifiwa. Sisi twasema kuwa hiyo si sifa, ni hila, na wanaoitumia ni watoto wa kiume waliokwisha kuona kuwa kulea mzazi aliyekongoka ni kazi nzito, wakataka kuivua shingoni mwao bila ya kuonekana kuwa wameivua.

Tupige mfano wa nyumba moja. Hatuitaji, na wala hapana haja, kwani kila msomaji ataijua ya kwake. Mama ana watoto sita, wanne wanaume na wawili wanawake. Mwanamume wa kwanza ana duka, wa pili yuko Maskati, wa tatu ni karani Nairobi, wa nne anafundisha skuli hapa hapa mjini. Binti mmoja ameolewa Malindi. Wa pili aliachwa, akarudi kwao na watoto wake wawili. Mama alianza kwa kusahau jiko likiwaka. Kisha akawa anamuulizia marehemu mumewe kila Magharibi, kwa nini hajarudi msikitini. Kisha akaanguka ngazini, nyonga ikavunjika, na tangu siku hiyo hajasimama.

Watoto hawa hawakupata kukaa kikao hata kimoja. Hapana aliyemuuliza yule binti aliyeachwa kama ataweza, wala kwa muda gani, wala nani atamshika mkono. Aliamka siku moja akajikuta ndiye. Na ndugu zake wakiulizwa na watu barazani juu ya hali ya mama, hujibu kwa furaha kabisa: "Alhamdulillahi, yuko na dada." Neno "alhamdulillahi" hapo lina maana yake. Wanashukuru, lakini wanaloshukuru ni usingizi wao.

Waganga husema mtu asiyeweza kujigeuza mwenyewe kitandani yataka ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, asije akafanya vidonda mgongoni na visiginoni. Basi tufanye hesabu, kwani watu wa biashara hupenda hesabu. Mchana na usiku ni saa 24, hizo ni mara 12. Kwa siku 30 ni mara 360. Humo hamna kulishwa uji kwa kijiko, wala pampasi za kubadilishwa, wala shuka za kufuliwa, wala dawa za sukari na za presha, wala kule kuambiwa "wewe nani?" na mtu aliyekuzaa. Mimi namuuliza yule mwenye duka: katika mara 360 za mwezi uliopita, zako zilikuwa ngapi? Nyumba ya mama na duka lako ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Najua atakalojibu. Atasema, "Mimi natoa pesa." Hili ndilo jawabu la wengi, na ndilo linalotaka kutazamwa vizuri, kwa sababu lina ukweli ndani yake.

Kutoa pesa ni wajibu, na asiyetoa ana dhambi. Lakini kwanza tutazame ni pesa gani. Tangu ilipoanza M-Pesa mwaka 2007 pesa hufika kabla ya salamu, na mtu akibonyeza simu akasikia mlio hudhani kuwa amemaliza. Ametuma za pampasi na za dawa, na mara nyingine ametuma pungufu, akamwambia dada "ongezea wewe." Aongezee kwa nini? Kwa vitumbua anavyokaanga alfajiri baada ya kukesha? Wengine wamefika hadi ya kuhesabu katika mchango wao zile shilingi 2,000 za mwezi ambazo serikali ya Kenya huwapa wazee waliotimia miaka 70 katika mpango wa Inua Jamii. Pesa ya serikali, kwa jina la mama, na mtoto hujisifu nayo!

Maulamaa wetu wa madhehebu ya Imam Shafii wamelieleza jambo la nafaqa ya wazazi waziwazi, na vitabu hivyo husomwa katika vyuo vyetu, si siri. Mzazi asiye na mali nafaqa yake ni juu ya watoto wake wenye uwezo. Watoto waliolingana kwa ukaribu hushirikiana, haangushiwi mmoja. Na nafaqa si chakula tu. Ni nguo, makao, dawa, na akiwa mgonjwa au kilema asiyeweza kujihudumia, basi na mtumishi wa kumhudumia pia ni katika nafaqa. Hili la mtumishi watu hawalitaji. Kama ndugu wanne hawataki kugeuza wala kuosha, basi haki ya mama ni kuwa watoe mshahara wa mtu wa kufanya hayo usiku na mchana, juu ya pesa za dawa na chakula. Wakiupiga mshahara huo kwa mwezi wataona kuwa zile wanazotuma sizo. Tofauti iliyobaki wanailipa kwa mwili wa dada yao, na yeye hajawapa ruhusa hiyo.

Na hapa pana jambo ambalo yataka mabinti wetu walijue mapema, kwa kuwa nimewaona wengi wakilijua wakati umepita. Nafaqa ya mke ikikosa kutolewa huwa deni juu ya mume. Nafaqa ya mzazi haiko hivyo. Siku ikipita bila ya kutolewa, imepita; haiwi deni la kudaiwa, ila kadhi awe ameamuru ikopwe kwa jina la mwenye wajibu. Dhambi hubaki, deni halibaki. Maana yake ni kuwa binti aliyekaa miaka saba akimlea mama yake, akauza bangili zake kwa ajili ya dawa, hana la kudai siku ya kugawa mirathi. Kaka zake watakuja, watakaa, nyumba itapimwa, na kila mwanamume atapewa sehemu mbili na yeye sehemu moja.

Nisifahamike vibaya. Mgawo huo ameuweka Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, hatuna neno juu yake, na anayeutoa kasoro ajiangalie imani yake. Lakini maulamaa walipoeleza hekima ya sehemu mbili za mwanamume walisema ni kwa sababu mzigo wa matumizi uko juu yake. Basi wewe uliyeweka mzigo chini kwa miaka saba, kisha ukaja mbio kuchukua sehemu mbili, unachukua malipo ya kazi gani? Sehemu yako ni halali, hapana atakayekunyang'anya. Nakuuliza tu kama huoni haya.

Mimi katika umri wangu nimeitwa kusuluhisha mirathi mara nyingi mpaka nimepoteza hesabu. Nimeitwa usiku, nimeitwa siku ya tatu ya matanga kabla mikeka haijakunjwa. Sikupata kuitwa hata mara moja na watoto wakanambia: "Sheikh, mama yu hai na amekuwa mtu wa kitandani, njoo utugawie zamu." Wote wanajua thumuni na sudusi, hapana ajuaye usiku wa Jumatatu ni wa nani.

Yako mengine mabaya zaidi. Mama aweza kuwa si fakiri. Ana nyumba ya ghorofa, chini mna duka lililokodishwa, na kodi yake ni yake yeye. Mzazi mwenye mali hutumiwa katika mali yake kwanza, na hapo watoto wamepumzishwa mzigo wa pesa. Lakini utawaona watoto wanaikamata kodi ile, wanamnunulia mama pampasi za bei ya chini zinazomchubua, na binti akiomba aajiriwe msaidizi huambiwa "tusiimalize mali." Mali ya nani? Mali ya mtu aliye hai si mirathi. Mama akitumia nyumba yote mpaka tofali la mwisho katika dawa zake na raha yake, ametumia chake, na nyinyi hamkudhulumiwa kitu. Tena yataka mjue kuwa mzazi akipotewa na akili, mtoto hapati uwalii wa mali yake kwa kuwa ni mtoto tu. Katika madhehebu yetu hilo hurudi kwa kadhi, ndiye atakayemweka mtu wa kuisimamia. Basi yule kaka mkubwa anayeweka risiti za kodi mfukoni mwake kwa miaka na kusema "mimi ndiye mkubwa", ajiulize anasimama juu ya nini.

Turudi kwenye neno la Mwenyezi Mungu. Katika Suratul-Israai, aya ya 23, imekuja amri ya kumwabudu Yeye peke yake, na amri hiyo imewasemesha watu wengi. Kisha ilipofika kwenye uzee wa wazazi, anayesemeshwa akawa mmoja. Neno lililotumika ni "indaka", yaani kwako wewe, mtu mmoja. Wafikapo uzeeni wakiwa kwako, mmoja wao au wote wawili, usiwaambie hata "uff". Hakuambiwa mtu "wakifika uzeeni wakiwa kwa dada yako." Na tutazame: neno "uff" laweza kumponyoka nani? Aliye karibu. Aliyeko dukani na aliyeko Maskati hawapati hata nafasi ya kusema "uff", kwa sababu hawapo inaponuka shuka. Halafu hao hao ndio wanaokuja mara moja kwa mwezi na kumkemea dada yao: "Mbona umemwinulia mama sauti?" Amemwinulia sauti, kweli, na ametenda kosa, na atatubia. Lakini yeye amekosa akiwa kazini.

Mtu mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akitaka kwenda katika jihadi. Akamuuliza kama wazazi wake wako hai, akasema ndiyo, akamrudisha akapiganie kwao. Hadithi hii imo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Kama jihadi inarudishwa kwa ajili ya wazazi, basi ni nini ile umra ya kila Ramadhani ya kijana ambaye mamake hajaogeshwa tangu Ijumaa? Nimemwona mtu anagawa tende za Madina msikitini, na mamake hana anayemmegea tende mdomoni. Na wale watu watatu waliozibiwa pangoni na jabali, mmoja wao aliomba kwa amali ya kusimama na maziwa usiku mzima akiwangoja wazazi wake waamke, na watoto wake wanalia kwa njaa miguuni pake. Huyo alikuwa mwanamume, mwenye mke na watoto na wanyama wa kuchunga. Hakusema "nina familia yangu."

Neno hilo la familia hutuleta kwa wake. Mwanamume akishikwa pembeni husema, "Ningemchukua mama kwangu, lakini mke wangu hataki." Hapa nitasema neno litakalowachukiza akina mama wenye wana, na sina budi kulisema. Mkaza mwana hana wajibu wa kumhudumia mavyaa wake. Akifanya ni wema mkubwa na Mungu atamlipa, na mume na ashukuru. Asipofanya hana dhambi. Kwa kweli wanavyuoni wetu wa Kishafii hawakumwajibisha mke hata kumpikia na kumfulia mumewe, sembuse kumwosha mama wa mumewe. Basi mke kukataa kuosha si udhuru wako. Aliyeambiwa "indaka" ni wewe. Mchukue mama kwako, umwoshe wewe, au umwajiri wa kumwosha, au uhamie wewe kwa mama siku zako za zamu. Ukisema mke hataki, unasema ulimtarajia mwanamke mwingine akufanyie kazi yako, na alipokataa ukamrudia wa kwanza.

Na wengine hukimbilia kwenye haya. "Mimi ni mwanamume, vipi nitamwosha mama?" Ni kweli kuwa mna mipaka ya uchi, na ni vizuri zaidi mwanamke amwoshe mwanamke apatikanapo. Lakini katika kazi zote za mgonjwa, kuosha ni ngapi? Kumlisha kuna uchi gani? Kumwinua, kumgeuza akiwa amefunikwa, kukaa naye saa nane za usiku anapolia akimtaka mamake aliyekufa miaka sitini nyuma, kufua shuka, kwenda naye kliniki? Tena na tuulize upande wa pili: baba akilala kitandani, huoshwa na nani katika nyumba zetu? Na mkewe, au na binti yake. Hapo haya za wana wa kiume huwa zimekwenda wapi?

Wengine watauliza juu ya nyumba za wazee, kama zile za Sebleni na Welezo kule Unguja. Wazee wasio na mtu, kuwatunza ni jambo la kheri. Aliye na watoto sita hatumjadili hapa.

Binti aliyeolewa Malindi naye hatumwachi. Wajibu ni wake vile vile, na asijifiche nyuma ya mume kwa kila kitu. Lakini mume ana haki juu yake, na hawezi kutoka nyumbani akakaa miezi bila ya radhi yake. Mwanamume hana wa kumwomba ruhusa. Kwa hesabu hiyo, mwenye wepesi zaidi wa kumhudumia mama ni mwana wa kiume, na sisi tumeigeuza hesabu juu chini. Aliyeachwa ndiye tuliyemwona hana kazi. Na kwa kuwa ana mama kitandani, hakuna anayemposa. Nimewasikia kaka wawili wakikataa posa ya dada yao, mtu mwema, wakasema hana haraka. Haraka walikuwa hawana wao.

Nami sina ulimi safi katika jambo hili, na ni bora niseme mwenyewe kabla hajasema mwingine. Baba yangu aliugua miaka miwili, na dada yangu ndiye aliyemlea. Mimi nilikuwa nikisomesha watoto chuoni baada ya Alasiri, na katika niliyosomesha ni mlango wa kuwatendea wema wazazi. Nikimaliza darsa hupita kwa baba, nikambusu mkono, nikakaa kwa kadiri ya kikombe cha kahawa anachonitilia dada, kisha nikarudi nyumbani na kusema nimetoka kumtazama baba. Hapana aliyenilaumu. Mtaa mzima ulinisifu. Dada yangu amekwisha kufa, na msamaha wake sikuuomba akiwa hai kwa kuwa wakati ule sikujua kuwa nilikuwa na la kuombea.

Basi wenye wazazi waliolala wafanye nini? Wakae kikao, leo au kesho baada ya Isha, na aliyeko mbali awekwe kwenye simu. Wasianze na pesa. Waanze na usiku, kwani usiku ndio unaomaliza mtu. Siku saba za wiki zigawiwe kwa majina. Asiyeweza kuja kwa umbali atoe mshahara wa msaidizi wa usiku wake, si wa nusu, na aje mwenyewe mwezi mmoja katika mwaka, asije kama mgeni wa kupikiwa. Kodi ya mama, kama anayo, iandikwe na ionekane na wote, na kama amepotewa na akili waende kwa kadhi. Yule binti akiwa tayari kufanya kazi ambayo wengine wamekwepa, na wapatane naye ujira, uandikwe, alipwe kila mwezi, kwa kuwa baadaye hatakuwa na la kudai.

Na mama ambaye akili yake bado ni timamu, na anaona kwa macho yake nani anayekesha, ajue kuwa wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wengine waridhie, na wale waliokataa kugeuza hawataridhia. Akitaka kumpa kitu binti yake ampe sasa, hiba ya uhai, yu mzima, amkabidhi mbele ya mashahidi. Akingoja maradhi ya mauti, hiba hiyo nayo itahukumiwa kama wasia. Kupendelea mtoto bila ya sababu ni karaha, na Mtume (S.A.W.) alikataa kumshuhudia baba wa Nuuman bin Bashir katika jambo kama hilo, lakini haja ni sababu, wamesema maulamaa, na binti aliyeachwa mwenye watoto wawili na mgongo ulioharibika kwa kuinua ana haja.

Kikao kikimalizika karatasi isomwe kwa sauti. Ijumaa na Jumamosi aandikiwe dada kuwa ni zake za kulala. Kisha mama naye asomewe, majina yote sita, ijapokuwa kesho asubuhi atauliza tena ni akina nani hao.